Kufunga reli na keria juu ya Forester XT: mnatoboa paa au mnabana mlangoni?

XT_Mbezi
Wakuu salama. Nina Subaru Forester XT SJG (toleo la SJ, la nne), ile ya injini ya FA20 turbo farasi 280, imetoka Japani ikiwa kipara juu, haina reli, vile vyuma viwili vya urefu wa paa, hata ya urembo. Desemba tunapanda Moshi na familia, mtoto wa tatu amekuja na kigari chake kinakula buti yote, kwa hiyo mizigo lazima ipande juu. Nimepata jozi ya reli za mtumba, origino, na miguu yake yote. Fundi wa kwanza Gerezani kasema anatoboa paa matundu manane, anapiga riveti na silikoni, jioni nachukua gari. Wa pili kasema asitoboe mtu yeyote, nitafute krosibaa (mabomba ya kukatisha paa) za kubana kwenye ukingo wa mlango basi. Roho yangu inasita sana kutoboa paa la gari ambalo bado halijapata hata mkwaruzo. Waliofunga mlifanyaje? Na ule mlio wa upepo ni kweli upo au ni maneno ya watu?

Bodi_na_Rangi
Usimruhusu mtu ashike drili kabla hujajua chini ya ule ukanda mweusi wa plastiki kuna nini. Ile mistari miwili inayotoka kioo cha mbele mpaka nyuma ndo maungio ya paa na ubavu. Magari mengi yanayouzwa matoleo mawili, lenye reli na lisilo na reli, paa lake ni lilelile, kwa hiyo sehemu za kushikia reli huwa zimeshaongezewa bati la pili kwa chini. Mengine yana nati kabisa zimezibwa na plagi, mengine yana bati tu bila tundu. Ng'oa ukanda polepole kwa kabari ya plastiki, siyo bisibisi, uangalie kwa macho yako. Ukikuta nati kazi imeisha nusu. Ukikuta bati tupu urudi hapa.

Sekenke_Shuka
Farasi 280 halafu juu mkungu wa ndizi, mabegi na kuku wa shemeji 😂 Turbo lenyewe litajiuliza limekosa nini. Nipo hapa nasoma lakini, na mimi nataka.

NairobiBoxer
Niko Nairobi, mimi naendesha Forester ya SG5, toleo la pili. Hizo za kubana mlangoni kwa SG sahau bana, milango yake haina fremu, kioo kinasimama peke yake, sasa zitashika wapi? Ndo maana hapa watu wengi wanatoboa tu.

Mhandisi_Uyole
@NairobiBoxer hapana kaka. Ile kucha ya chuma haishiki mlango, inashika ukingo wa bodi ya gari pale juu ya tundu la mlango, chini ya raba. Mlango ukiwa na fremu au usiwe nayo haibadilishi kitu. Ni kweli Forester za SF na SG, toleo la kwanza na la pili, milango yake haina fremu na SH, la tatu, ndo ikaja na fremu, ila keria za kubana za SF na SG zipo miaka yote. Cha muhimu ni kucha iwe ya umbo la gari hilohilo. Thule na wenzake wanauza miguu ya aina moja halafu kucha na raba unanunua kulingana na gari lako, ndo maana ukiazima za jirani mwenye Vitz zinakaa upande.

NairobiBoxer
Sawa, lakini kwangu kucha ilibonyeza raba ya mlango hadi kioo kikawa hakifungi vizuri, mvua ya Limuru ikaingia. Kwa hivyo nabaki na langu, kwa SG ni kutoboa.

Pwani_Kutu
Mimi ni wa Tanga, nasema hivi kwa uchungu kabisa: mnaokaa pwani msitoboe paa kirahisi. Tundu likishapigwa ule ukingo ni chuma kibichi, hauna rangi wala zinki. Fundi anapaka silikoni juu yake anafunga. Sasa ile silikoni ya kawaida inayonuka kama siki, ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka, na inaanzisha kutu hapohapo kwenye chuma kibichi. Unaona nje pamezibwa vizuri kumbe ndani panaliwa. Ukilazimika kutoboa, futa vumbi lote la chuma maana nalo linaota kutu juu ya rangi, paka praima kwenye ukingo, rudia rangi, subiri ikauke KABISA, halafu tumia butili (gundi laini ya mpira) au gundi ya poliyurethani. Hilo ni suala la siku mbili, siyo "jioni nachukua gari".

Bodi_na_Rangi
@Pwani_Kutu umesema kweli tupu. Na niongeze jambo ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalitaji: eabegi za pazia. Magari yenye eabegi za pembeni za juu, mfuko umekunjwa mrefu ndani ya silingi, kile kitambaa cha ndani ya paa, ukifuata ukingo wa paa, yaani palepale chini ya reli. Drili ikizama kidogo au skrubu ikiwa ndefu imegusa mfuko. Taa ya dashibodi inaweza isiwake kabisa maana umeme wake uko salama, kilichotoboka ni kitambaa. Utajua siku ya ajali. Kwa hiyo anayetoboa bila kushusha silingi mkimbie. Kwanza terminali ya betri itolewe, isubiriwe kidogo, silingi ishuke, mfuko uonekane, ndo drili iwashwe tena ikiwa na kizuizi cha kina.

Mama_wa_Watatu
Kaka XT_Mbezi hongera kwa mtoto. Mimi yangu SH ilifungwa reli kwa kutoboa, fundi simtaji. Kiangazi chote hakuna shida. Masika ilipoanza silingi ya upande wa abiria ikawa na doa la maji, halafu kapeti ya mbele ikaloa, gari likanuka ukungu. Nilirudi nikamuwakia sana, akaongeza silikoni, bado maji yakaingia.

Dereva_Mwenge
@Mama_wa_Watatu gari lako lina sanruf?

Mama_wa_Watatu
Ndiyo ninayo.

Dereva_Mwenge
Basi angalia mirija ya sanruf kabla hujamlaumu fundi wa reli. Sanruf haizuii maji yote, imetengenezwa maji yaingie kwenye kimfereji halafu yashuke kwa mirija minne ndani ya nguzo za mbele na nyuma yatokee chini ya gari. Mrija ukiziba na majani ya mwembe maji yanafurika kwenye silingi na yanashuka kwenye kapeti ya mbele. Dalili zako ndo hizohizo. Mwaga kikombe cha maji kwenye kimfereji uone kama yanatoka chini karibu na tairi.

Pwani_Kutu
Sikatai ila mbona kabla ya reli alikuwa havuji? Mimi naona ni matundu.

Dereva_Mwenge
Kabla ya reli fundi alikuwa hajashusha silingi. Akishusha vibaya anauchomoa mrija kwenye mdomo wake, anarudisha silingi, mrija unabaki unaning'inia ndani. Kosa linaweza kuwa la fundi lakini siyo la tundu.

Mama_wa_Watatu
Hapo sasa mmenichanganya wote wawili. Alishusha, hilo nakumbuka. Jumamosi namwaga hicho kikombe.

Kijana_wa_Gerezani
Wazee mnatisha watu bure. Kazi za kutoboa tunafanya kila wiki na magari yanarudi sevisi yako vizuri. Siri ni nati ya riveti, siyo skrubu ya kujichimbia. Skrubu ya kujichimbia inashika uzi mmoja wa bati la milimita haifiki moja, ikitikisika barabara ya vumbi tundu linapanuka. Nati ya riveti inabana bati kwa chini kwa upana wake. Na reli ya mtumba angalia miguu, kama ilishang'olewa kwenye gari la ajali imepinda kidogo, ukilazimisha kukaza unavuta paa linaingia bonde.

Bodi_na_Rangi
Nati ya riveti nzuri kwa reli ya kufungia mkoba. Kwa mzigo wa kilo 70 unaovutwa na upepo wa Same mpaka Mwanga mimi siiamini kwenye bati moja. Iwe na bati la pili kwa chini la kusambaza nguvu. Hapo hatutakubaliana najua.

Sekenke_Shuka
Na zile reli za Kariakoo zinazobandikwa na tepu ya pande mbili? Zinaonekana safi sana, nyeusi za kung'aa.

Mhandisi_Uyole
Hizo ni urembo. Usifunge hata godoro. Ukifunga mzigo kwenye reli ya tepu, jua la Dodoma likailegeza gundi, mzigo na reli vyote vinaenda kwenye kioo cha anayekufuata. Wauzaji wengine ni waungwana wanasema wazi, wengine wanakaa kimya.

Maskati_Cayenne
Salaam ndugu zangu. Mimi niko Maskati, Oman, gari ni Porsche Cayenne Turbo na yenyewe ilikuja bila reli. Huku watu wanafunga keria sana, wakati wa khareef, msimu wa manyunyu na ukungu, familia zinateremka Salalah, ni safari ya kama kilomita elfu moja, na wengine wanapanda mlima Jebel Shams kulala kwenye hema la juu ya gari. Wallahi mimi niliogopa drili kama XT_Mbezi, nikaagiza reli za kiwandani na vipande vyake vyote vya ukanda, maana ukanda wa gari lisilo na reli ni mzima na wa gari lenye reli umekatwa sehemu za miguu. Watu wananunua reli wanasahau ukanda, halafu wanakata wa zamani kwa kisu unaonekana umetafunwa. XT_Mbezi muulize aliyekuuzia kama ukanda wake upo.

XT_Mbezi
@Maskati_Cayenne hakuwa nao. Alinipa reli tupu. Asante ami, hili sikulijua.

NairobiBoxer
Maskati hema la juu linakaa watu wawili, hapo kilo zinafika 200 na zaidi. Na humu Bodi anaogopa hata kilo 70. Mnatuchanganya.

Maskati_Cayenne
Kuna uzito wa gari likitembea na uzito wa gari limesimama, ni vitu mbalimbali. Likitembea kuna breki, kona, mashimo, mzigo unavuta kwa mbele na pembeni. Likisimama paa linabeba wima tu na linastahimili mara kadhaa ya ule wa kutembea. Mfano Forester Wilderness inayouzwa Marekani, Subaru wameandika pauni 220 ikitembea na pauni 800 ikisimama. Ni kama kilo 100 na kilo 363. Lakini hayo ni ya gari hilo na reli zake, usiyachukue ukayapeleka kwenye SG5 ya kutoboa.

Mhandisi_Uyole
Na kwa SUV nyingi za saizi hii namba ya kutembea iko kati ya kilo 75 na 100, nyingine chini ya hapo, fungua kitabu cha gari. Unachukua namba NDOGO kuliko zote tatu: ya paa, ya reli, ya krosibaa. Na watu wanasahau kwamba krosibaa na boksi vyenyewe vinahesabiwa humohumo. Kama mwisho wako ni 75, krosibaa kilo 5 au 6, boksi la plastiki kilo 15 mpaka 20, umebaki na kama 50 za mizigo. Mifuko miwili ya mchele wa kilo 25 imeisha hiyo. Vitu vizito weka ndani chini, juu weka nguo, magodoro, kigari cha mtoto.

Sekenke_Shuka
Kwa hiyo mchele wa mama mkwe unakaa ndani na watoto wanakaa wapi sasa 😂

Mzee_wa_Singida
Vijana nimesoma yote. Mnaongelea matundu, mimi naongelea kuendesha. Gari kama hilo la XT limetengenezwa likimbie, ukikanyaga linaitika, mtu anasahau kwamba juu kuna kilo 60. Uwanda wa Singida ukitoka Manyoni upepo unapiga kwa ubavu, ukipishana na basi unapigwa mara mbili, kwanza unasukumwa halafu unavutwa. Gari lililokuwa linakata kona limenyooka linaanza kulala. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na spidi, ukitoka 80 ukaenda 120 spidi imeongezeka nusu tu lakini upepo unasukuma zaidi ya mara mbili. Watengenezaji wa keria wakubwa wenyewe wanaandika msizidi 130, na hiyo ni kwenye barabara za Ulaya. Huku kwetu mimi na mzigo juu sizidi 90, na vibao vya 50 vijijini viheshimiwe.

Kijana_wa_Gerezani
Shikamoo mzee. Mafuta je, yanaongezeka kweli au maneno tu?

Mzee_wa_Singida
Marahaba. Yanaongezeka, hata keria ikiwa tupu.

Mhandisi_Uyole
Kuna watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba keria za juu zinakula kama galoni milioni 100 za petroli kwa mwaka nchi ile, na kwamba mafuta mengi yangeokolewa kama watu wangeng'oa keria tupu wakirudi safari. Hii ndo sababu napenda za kubana, Januari unazitoa unaziweka stoo. Za kutoboa angalau ng'oa krosibaa zibaki reli.

XT_Mbezi
Wakuu nawapa mrejesho. Reli nimeziweka pembeni kwanza mpaka nipate ukanda wake. Nimeazima krosibaa za kubana kwa mtu mwenye SJ kama yangu, kucha ni zenyewe, zimekaa vizuri, nimepima pande zote ziko sawa. Jana nimeenda nazo Bagamoyo zikiwa tupu. Mpaka 80 kimya. Kuanzia 90 hivi gari zima linaunguruma, uuuuuu, unausikia mpaka kifuani, mke wangu akadhani ni difu. Nikifika 110 unapungua. Hii nini?

Kijana_wa_Gerezani
Mfereji wa juu wa krosibaa. Kama una ule uwazi wa kuingizia bolti na raba yake haipo, upepo unapuliza mule kama filimbi. Kata raba jaza mwanzo mpaka mwisho.

XT_Mbezi
Raba ipo yote mkuu.

Bodi_na_Rangi
Umezifunga kinyume. Krosibaa zenye umbo la bawa zina mbele na nyuma, upande mnene wa mviringo unatangulia na mwembamba unafuata. Watu wengi wanageuza.

XT_Mbezi
Siyo bawa, ni za duara kabisa, bomba.

Mhandisi_Uyole
Hapo ndo penyewe. Upepo ukipita kwenye bomba la duara hauachani nalo vizuri, unajikunja nyuma vimbunga vidogo, mmoja juu mmoja chini, kwa zamu. Bomba la milimita 30 kwenye spidi ya 100 ni kama mara 185 kwa sekunde, ndo huo mngurumo mzito. Na kwa sababu unapungua ukifika 110, inaonekana pale 90 mpaka 100 mtikisiko wa upepo unalingana na mtikisiko wa bomba lenyewe au wa paa, vinaitikiana. Dawa ni rahisi: zungushia kamba kwenye bomba la mbele, mizunguko ya mshazari kama sentimita 10 kila mmoja. Vimbunga vinavunjika havipangiki pamoja. Umewahi kuona bomba refu la moshi la kiwanda lina ukanda wa chuma umelizunguka kwa juu? Kazi yake ni hiyohiyo.

Dereva_Mwenge
Mimi nadhani ni umbali tu. Bomba la mbele liko karibu mno na ukingo wa kioo, pale upepo unapanda kwa kasi kubwa kuliko sehemu yoyote ya paa. Lirudishe nyuma kidogo, ila ubakize kama sentimita 70 kati ya mabomba mawili usije ukakosa pa kuweka boksi.

Pwani_Kutu
@Dereva_Mwenge za kubana huwezi kurudisha utakavyo, kucha ina mahali pake, kuna alama kwenye karatasi yake. Ukisogeza haishiki.

NairobiBoxer
Na wewe umehakikisha si skupu ya boneti, lile tundu la hewa juu ya boneti? XT ikiwa na skupu iliyolegea klipu inavuma vilevile.

XT_Mbezi
SJG haina skupu ya boneti kaka, hewa ya intakula (kipoza hewa ya turbo) inapita mbele kwenye grili.

NairobiBoxer
Kweli hio walitoa. Basi kaza kucha upya, zikilegea kidogo zinatikisika.

Maskati_Cayenne
Ukifunga boksi mlio utapotea au utabadilika, mara nyingi krosibaa tupu ndo zinapiga kelele kuliko zenye mzigo. Na kama unatumia mikanda bapa ya racheti, upinde mkanda mzunguko mmoja kabla ya kukaza, ule ulionyooka unapigapiga hewani unasikika kama helikopta.

XT_Mbezi
Nimezungushia kamba ya manila bomba la mbele, asubuhi nimejaribu barabara ya Bagamoyo. Umepungua sana lakini haujaisha, sasa unaanza 100. Kucha nazo nilizikaza palepale kwa hiyo sijui ni kamba au ni kukaza.

Mhandisi_Uyole
Kamba.

NairobiBoxer
Kukaza.

Dereva_Mwenge
Zungushia na la nyuma halafu usiguse kitu kingine, uone.

Mama_wa_Watatu
Wapendwa nimemwaga maji. Upande wa dereva yametoka chini haraka. Upande wa abiria hayajatoka kabisa, yamejaa yakabaki pale. Ila hata na sanruf kavu, nikimwagia reli kwa mpira wa bustani naona unyevu kwenye silingi.

Dereva_Mwenge
Si nilisema, mrija.

Pwani_Kutu
Amesema na reli pia inavuja, soma mpaka mwisho mkuu.

Bodi_na_Rangi
Dada anza na mrija kwa sababu haugharimu, waya wa breki ya baiskeli unaingia polepole kutoka juu, usitumie kompresa yenye presha kubwa utauchomoa kwa chini. Ukishapitisha maji ndo ung'oe reli ya upande huo tuone tundu lina hali gani. Picha ziweke hapa.

Harrier_Mpya
Habarini, samahani nadandia uzi. Na sisi wenye Harrier ya kioo kizima juu, hizi za kubana zinafaa?

Mhandisi_Uyole
Zinafaa kama karatasi ya keria imeandika gari lako na aina ya paa lako, maana nyingine zimeandikwa wazi haziruhusiwi kwenye kioo. Kioo kikifunguka kwa kupanda juu kitagonga krosibaa, hivyo usikifungue zikiwepo. Ya mwaka gani, na ina reli au haina?